Je, Asiye Daktari Ana Deni kwa Macho ya Jirani Yake?



Siku moja baada ya ibada ya asubuhi tulikaa chini ya mti, wazee wachache wa mtaa wetu, tukazungumza habari za kituo cha afya. Mmoja wetu akasema kwamba ingefaa kanisa lichague watu wafundishwe utunzaji wa macho, kisha wapite nyumba kwa nyumba. Mzee mwingine, mtu mwema ambaye namheshimu sana, akajibu, "Mambo ya macho ni ya madaktari. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuomba." Wengi wakaitikia kwa vichwa.

Mimi nilinyamaza. Sikunyamaza kwa kukubali, bali kwa sababu maneno hayo nayajua sana. Niliyatumia mwenyewe kwa miaka mingi, nayo yakamponza mtu mwingine, si mimi. Kwa hiyo nimeona vema niandike katika gazeti letu juu ya swali hili: Je, mtu asiye daktari ana deni lolote kwa macho ya jirani yake? Na kama analo, laanzia wapi na laishia wapi?

Bibi na kibano chake

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu kijana, si muda mrefu tangu nitoke Chuo cha Ualimu, nikifundisha darasa la nne katika kijiji kimoja cha mkoa wetu wa Dodoma. Palikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na mmoja hivi, mwenye akili nyepesi, lakini akija siku tatu alikosa siku mbili. Nilimwonya, kisha nikamchapa. Hakulia wala hakujitetea. Alipozidi kukosa nikaenda kwao, nikiwa nimejiandaa kugombana na wazazi.

Nilimkuta ameshika ncha ya fimbo, na ncha ya pili imeshikwa na bibi yake. Walikuwa wakitoka kisimani. Bibi yule alikuwa haoni tena, na mtoto ndiye aliyekuwa macho yake.

Basi, ndugu zangu, bibi huyo sikuwa mgeni kwake. Kila Jumapili alikaa karibu na mlango wa kanisa. Nilimwona muda mrefu kabla hajapofuka, macho yake mekundu yakitoka machozi. Katika pindo la khanga yake alifunga kibano kidogo cha chuma, na mara kwa mara alikifungua, akainua uso, akang'oa kope moja moja. Nami nilimwamkia, "Shikamoo bibi, pole na macho." Naye akajibu, "Marahaba mjukuu wangu, ndio uzee." Nikaingia ndani kuimba.

Wakati ule ule nilijua kwamba hospitali ya kanisa letu kule Mvumi ilikuwa na daktari wa macho. Mtu aliweza kufika kwa basi. Sikumwambia bibi. Nilidhani kila mtu ajua, na tena nilidhani si kazi yangu. Yule binti aliacha shule darasa la tano, wala sikumfuata.

Mwaka 2012 nilikutana naye mnadani, mama mtu mzima mwenye watoto. "Shikamoo Mwalimu," akasema. Nikamtazama, na macho yake yalikuwa mekundu, yanatoka machozi. Kwenye pindo la khanga yake palikuwa na kibano.

Safari hiyo nilisema. Juma lililofuata waganga wa macho walikuja kwenye kituo cha afya, nami nikampeleka. Tulipokuwa kwenye benchi tukingoja zamu yake akaniuliza, "Mwalimu, hii hospitali ya macho ya Mvumi, wakati wa bibi ilikuwapo?"

"Ilikuwapo."

"Nawe ulijua?"

"Nilijua."

Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Bibi alikuwa akikupenda sana wewe."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Ugonjwa wenyewe ni nini?

Bibi alisema ni uzee. Kumbe si uzee. Ni ugonjwa wa trakoma, ambao wengi wetu twauita vikope. Huletwa na bakteria, yaani kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambacho huishi hasa kwa watoto wadogo. Hutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine kwa vidole, kwa kitambaa kimoja cha kufutia nyuso nyingi, na kwa nzi wanaotua kwenye tongo na makamasi.

Kuugua mara moja hakumpofushi mtu. Lakini mtoto akiambukizwa tena na tena kwa miaka mingi, upande wa ndani wa ukope hupata makovu. Makovu hujikunja, ukope hugeukia ndani, na vinywele vya kope hukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Mwisho kioo huwa cheupe na nuru haipiti. Basi mbegu hupandwa utotoni na mavuno huja ukubwani. Huwapata wanawake zaidi, kwa sababu wao ndio wanaoshinda na watoto wadogo mchana na usiku. Mama hupofushwa na kazi ya kulea.

Dawa zipo. Kope zilizogeuka hurekebishwa kwa upasuaji mdogo, ambao hata muuguzi aliyefundishwa vema aweza kuufanya, na mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Lakini upasuaji huo huzuia madhara mapya tu. Haurudishi nuru ambayo kovu la kioo limekwisha kuichukua. Ndiyo maana kuchelewa ni jambo zito: neno ambalo lingemfaa bibi alipokuwa na kibano halikumfaa tena alipokuwa na fimbo.

Deni latoka wapi?

Mtu aweza kuniambia, "Mwalimu, usijitese. Si wewe uliyempofusha." Ni kweli. Sikumtia bibi kidudu machoni. Lakini ungamo letu la Jumapili lina sehemu mbili. Hukiri mabaya tuliyoyafanya, na tena hukiri mema tuliyoyaacha. Kama kuacha si kosa, kwa nini tunaomba tusamehewe?

Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na naona mambo matatu yakikutana ndipo deni huzaliwa: kuona, kujua na kuweza. Mtu asiyeona shida ya mwenzake hawezi kulaumiwa kama yule aliyeiona. Asiyejua dawa hawezi kulaumiwa kama anayejua. Asiye na uwezo hadaiwi asichokuwa nacho. Mimi niliona, nilijua, na niliweza. Nililotakiwa kutoa ni sentensi moja tu. Pima taabu yangu upande mmoja na hasara ya bibi upande wa pili, halafu uongeze na masomo ya yule mtoto. Mizani hiyo ndiyo inayonihukumu.

Tena tujihadhari, kwa maana kutojua kwingine ni kwa kupenda. Mtu akiambiwa kuna mafundisho ya macho siku ya Jumamosi, akakataa kwenda ili asije akapewa kazi, huyo kutojua kwake hakumwondolei deni.

Mkumbukeni yule Msamaria katika Injili ya Luka. Sisi hufikiri tofauti yake na wale wawili waliotangulia ni kwamba yeye alimwona majeruhi. Sivyo. Wote watatu walimwona. Wale wawili walikuwa na macho mazima, wakapita upande wa pili. Msamaria naye hatuambiwi kwamba alikuwa tabibu. Alifanya mambo matatu: alimkaribia akamtazama, akatumia kidogo alichokuwa nacho, mafuta na divai na vitambaa, kisha akampandisha mnyama wake, akamfikisha mahali pa kutunzwa, akalipa. Kwangu mimi huo ndio utaratibu mzima wa huduma ya msingi ya macho katika kijiji.

Majibu ya wanaokataa

Wapo wanaosema upofu ni mapenzi ya Mungu. Wanafunzi wa Yesu nao walitafuta mwenye dhambi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, na Bwana hakuwakubalia. Alimpaka tope machoni na kumtuma akanawe. Tena tazameni mambo ya siku zetu. Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba trakoma si tatizo la afya ya jamii tena katika Ghana mwaka 2018, na kwa jirani zetu wa Malawi mwaka 2022. Je, Mungu amebadili mapenzi yake kwa Wamalawi, na kwetu bado? Tusimsingizie Mungu yale ambayo yametokana na uzembe wetu.

Wapo wanaosema ni kazi ya serikali. Ni kweli serikali ina wajibu wake, wala tusiache kuudai: maji, dawa, na wauguzi waliofundishwa. Lakini mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata katika Umoja wa Kisovieti wa wakati ule, mataifa yalikubaliana kwamba afya ya msingi hujengwa na wananchi wakishiriki wenyewe pale wanapoishi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao upungufu huo ungeweza kuzuiwa au bado haujashughulikiwa. Hesabu hiyo haiwezi kumalizwa na mabingwa wa macho peke yao. Bingwa akae hospitalini afanye yale ambayo sisi hatuwezi. Lakini ni nani atakayemwambia bibi wa mlangoni kwamba hospitali ipo?

Wapo wanaosema maji hayatoshi. Hili ni jambo la kweli kwetu sisi wa nchi kavu, nalo lahitaji jibu la haki. Katika vijiji vya wilaya ya Kongwa wataalamu walifanya jaribio, na matokeo yakachapishwa mwaka 1995. Vijiji vyote vilipewa dawa ya kupaka machoni, lakini baadhi viliongezewa mafundisho ya kuosha watoto nyuso. Watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walipungukiwa na trakoma kali. Na maji ya uso ni machache kuliko tunavyodhani. Nimejaribu mwenyewe nyumbani: nilitoboa tundu dogo kwenye kifuniko cha chupa ya nusu lita, wajukuu watano wakanawa uso mmoja mmoja, na maji yakabaki.

Lakini hapa nawaomba tuwe waangalifu. Uso mchafu wa mtoto si dhambi ya mama yake. Mama aliyekwenda kisimani kabla ya jua, akarudi na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, akapika, akalima, hafai kusimamishwa mbele ya watu aitwe mchafu. Tujiulize kwanza ni nani anayeamua punda abebe nini, kisima kichimbwe wapi, na maji ya ndoo yanyweshe ndama au yaoshe watoto. Mara nyingi anayeamua ni mwanamume. Basi mafundisho ya kunawa yaanze kwa akina baba, na mpango wa maji uanze katika halmashauri ya mtaa. Kumpa mnyonge mafundisho na kumnyima maji ni kumwongezea mzigo tu.

Deni laishia wapi?

Nimesema mengi juu ya kutenda. Sasa niseme juu ya kujizuia, kwa maana upendo usio na maarifa waweza kupofusha. Jicho si mahali pa kujaribia dawa. Utomvu wa majani, mkojo, maziwa ya mama, unga wa mizizi, hata dawa ya matone iliyobaki kwa jirani, vyote vyaweza kuleta kidonda kwenye kioo cha jicho au kukizidisha. Daktari Allen Foster, aliyefanya kazi Mvumi katika miaka ya 1970 na 1980, alichapisha pamoja na mwenzake mwaka 1987 utafiti juu ya vidonda vya jicho, surua na upofu wa watoto wa Tanzania. Miongoni mwa mambo yaliyoonekana kuwapofusha watoto ni surua, upungufu wa vitamini A, na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Waliozitia hawakuwa watu wabaya. Walikuwa akina bibi na wajomba wenye huruma.

Kwa hiyo kusema "mimi si daktari" kuna mahali pake. Ni neno jema kwa mtu aliyeshika chupa ya dawa asiyoijua. Ni neno baya kwa mtu aliyesimama mbele ya mgonjwa bila kumwonyesha njia.

Yatupasayo kufanya

Kwanza, tuangalie. Mwambie mzee wa nyumbani kwako afunike jicho moja, ahesabu vidole vyako ukiwa mbali mita 3. Kisha jicho la pili. Asipoweza, hali yake imekuwa mbaya sana, na asiachwe. Mboni ikiwa na weupe kwa mtu mzima, mara nyingi ni mtoto wa jicho, ambao ndio unaopofusha watu wengi zaidi duniani. Daktari huutoa kwa upasuaji na kuweka lenzi, na mtu huona tena. Lakini weupe kwenye mboni ya mtoto mdogo usingojewe hata juma moja, kwa kuwa waweza kuwa saratani. Presha ya macho nayo huiba nuru polepole bila maumivu, na ikichukua hairudishi. Wenye ndugu aliyepofuka kwa ugonjwa huo waende wakapimwe mapema. Na ninyi walimu wenzangu, mtoto asiyesoma ubaoni msimwite mvivu kabla hamjampima macho.

Pili, tufanye yaliyo madogo. Nyuso za watoto zioshwe kila siku. Kila nyumba iwe na choo, na jaa na zizi viwe mbali na mlango, ili nzi wapungue. Watoto wachanjwe surua. Wale wa miezi 6 hadi miaka 5 wapate matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6, na wale mchicha, majani ya maboga, papai na viazi vitamu vya njano. Mtoto mchanga akitoka usaha machoni apelekwe kituoni siku ile ile. Mtu akiingiwa na chokaa, saruji au maji ya betri jichoni, aoshwe papo hapo kwa maji safi mengi, si chini ya dakika 15, ndipo apelekwe hospitali.

Tatu, tumfikishe mgonjwa. Hapa ndipo wengi wetu huishia njiani. Twamwambia mzee, "Nenda hospitali," na twaona tumemaliza. Mzee hana nauli, hana wa kumshika mkono, na anaogopa kisu. Msamaria hakumwelekeza majeruhi kwa kidole. Naomba Umoja wa Akina Mama na wazee wa kanisa watenge fungu dogo la nauli ya wagonjwa wa macho, na kila mgonjwa apewe msindikizaji mmoja. Na kama tunaye mtu aliyepasuliwa akapona, yeye atangulie kuwatembelea wenye hofu. Neno lake litasikika kuliko la mwalimu.

Mwisho, narudi kwa mzee wetu aliyesema kazi yake ni kuomba. Sitaki mtu amcheke. Maombi ni kazi kubwa, na mimi huomba kila siku kwa ajili ya yule mama, ambaye macho yake sasa hayamwumi na bado yanaona kiasi cha kuchambua mchele. Pia huomba nisamehewe kwa ajili ya bibi yake. Naamini Bwana husamehe. Lakini msamaha haukumrudishia bibi nuru, wala haukumrudisha yule mtoto darasani. Jambo lililobaki kwangu ni kutompita mtu mwingine mlangoni.

Sisi tuna desturi ya kufumba macho tunapoomba, nayo ni desturi njema. Basi tukiisha kusema Amina, tuyafumbue. Jumapili ijayo, kabla ya kuingia kuimba, kila mmoja amtazame mtu aliyeketi karibu na mlango.

Wenu katika Bwana,
Mwalimu mstaafu